Petali Iliyokataa Kukauka

Wifi yangu Tao Fengxian ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema, maana nikishaanza kusimulia watu hudhani nina kinyongo naye. Kinyongo ninacho, lakini ni cha jambo moja tu: kwa miaka yote niliyoolewa katika ua huu, alininyima kaa.

Mimi nauza maandazi ya mvuke hapo mlangoni petu. Mtu yeyote wa Yangzhou atakwambia kwamba vuli ikiingia, hakuna anayetaka andazi la kabichi. Watu wanataka andazi la nyama ya kaa, lile ambalo ukiling'ata mafuta ya rangi ya chungwa yanakutiririka mpaka kwenye kiwiko na huoni haya kuyalamba. Wenzangu wa kichochoro cha pili walikuwa wakiyauza mpaka wanakunja meza kabla jua halijapanda. Mimi nilibaki na kabichi yangu, nafukuza nzi.

Sababu ni kazi ya Fengxian. Chumba cha magharibi cha ua wetu ndicho karakana yake, na humo anatengeneza vyombo vyekundu vya zamani, vile vilivyopakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa mnene kama kidole, kisha vikachongwa maua. Watu wakivunja kasha la babu wa babu yao humletea yeye. Hupaka utomvu mpya pale palipomeguka, tabaka jembamba kila mara, kisha huliingiza kasha kwenye kabati lenye vitambaa vibichi, maana utomvu ni kitu cha ukaidi: nguo hukauka juani, wenyewe hukauka penye unyevu. Ukishapata unene, anachonga petali iliyopotea. Ukimuuliza ipi ya zamani na ipi yake, anakunja midomo na kukuachia utafute mwenyewe.

Na utomvu huo una adui mmoja duniani, naye ni kaa. Maji yake kidogo tu, au mafuta yake kwenye ncha ya kidole, basi hautakauka hata ukiusubiri mpaka uote mvi. Mafundi wote wanalijua hilo, na asiyeamini amekaribishwa kujaribu kwa chombo chake mwenyewe. Kwa hiyo katika ua wetu kaa hakupita hata akiwa amefungwa ndani ya kapu. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake Fengxian, alipotaka kaa alikwenda kula kwa rafiki zake, halafu akapitia hamamu kujisugua kabla ya kurudi, utadhani ametoka kwa hawara.

Fengxian alianza kazi akiwa msichana wa miaka kumi na saba, na utomvu ukamng'ata wiki ile ile. Ndivyo tunavyosema, kwamba umemng'ata: uso ulivimba, macho yakazibika, akawa anawashwa mwili mzima. Marehemu mama mkwe wangu alitwanga kaa wabichi akampaka, na uvimbe ukashuka. Mwalimu wake alipokuja kumjulia hali aligoma kuvuka kizingiti. Alisimama nje akamwambia kwamba dawa yake ndiyo sumu ya kazi yake, hivyo achague: ama aendelee kula kaa kama watu wengine, ama arudi kazini na asimguse tena wakati ana utomvu mbichi kabatini. Fengxian akarudi kazini. Na kwa kuwa hakuna vuli iliyomkuta na kabati tupu, hakula.

Hakuolewa pia. Wachumba walikuja, sitasema hawakuja. Waliona vidole vyenye madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni, wakasikia habari za kuvimba uso, wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani. Yeye hakuonekana kujali. Maua ya kwenye makasha aliweza kuyasemesha kutwa nzima, lakini akiongea na mwanamume utadhani askari anadai kitambulisho.

Basi mwaka ule, mwanzo wa masika, Bibi Ge akaleta kasha lake. Bibi Ge anakaa nyuma ya msikiti wa zamani, ni mwembamba kama kijiti cha kulia chakula, na ulimi wake ni mkali kuliko wangu. Kasha lilikuwa la duara, la enzi za wafalme, mfuniko wake umejaa maua ya peoni yaliyochongwa kwa kina hata ukaweza kupitisha ukucha chini ya petali. Ua moja la pembeni lilikuwa limemeguka petali nzima. Pengo lile lilionekana kama jino lililong'oka.

Katika ukoo wa Ge, bibi harusi hutoka kwao na kasha hilo mapajani, ndani yake chanuo na bangili. Bibi Ge alitoka nalo, akaishi na mumewe mpaka wakazeeka wote wawili. Lakini binti yake alipoolewa kasha lilikuwa limekwisha kumeguka, na kitu chenye pengo hakipelekwi harusini, ni kisirani. Binti akatoka mikono mitupu. Ndoa ikavunjika kabla mtoto hajaota meno, na mtoto huyo ndiye Wanqiu, mjukuu aliyelelewa na Bibi Ge. Sasa Wanqiu alikuwa anaolewa mwezi wa kumi. Bibi Ge alimwambia Fengxian waziwazi kwamba hataki na huyu naye atoke mikono mitupu. Fengxian akaligeuzageuza kasha na kusema litakuwa tayari. Neno lake lilikuwa halijawahi kurudi nyuma, na mtaa mzima ulijua.

Kiangazi chote alipaka na kusubiri, akapaka na kusubiri. Na ni kiangazi hicho hicho Mzee Jiao alipoanza kupenda maandazi yangu.

Jiao Baokang alikuwa mjane wa miaka mingi, mtu wa tumbo la mbele na kicheko cha karibu, mwenye meza yake sokoni pale darajani. Mara ya kwanza alinunua maandazi mawili. Siku iliyofuata akanunua mawili tena akayala amesimama mlangoni, macho ndani ya ua, ambako Fengxian alikuwa anakamua vitambaa vya kabati. Wiki haikuisha alikuwa anakula manne na kusifu kabichi yangu. Kabichi yangu naijua, haistahili sifa zile. Nikampa kigoda nikangoja kuona.

Alimchekesha wifi yangu. Sijui alisema nini, nilikuwa nafunua vikapu vya mvuke, lakini nilisikia kicheko nikageuka kuona ni mgeni gani ameingia, kumbe ni Fengxian. Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika ua huu. Tangu hapo Mzee Jiao akawa anaingia mpaka kwenye mlango wa karakana, anasimama mikono nyuma, anatazama petali inavyokua.

Tatizo ni kwamba meza ya Mzee Jiao ni ya kaa. Kiangazi hakuna kaa, alinukia sabuni tu, mambo yakaenda. Mwezi wa tisa ulipoingia na vikapu vya kwanza vikafika kutoka ziwani, Fengxian alimwita akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo asivuke kizingiti, asishike mlango, wala asiegemee ukuta. Mwingine angenuna. Yeye alivuka kichochoro akasimama upande wa pili, mgongo kwenye ukuta wa jirani, akaendelea na maongezi kutoka huko huko. Sasa kutoka kule ilibidi apaaze sauti, kwa hiyo uchumba ule tuliusikia wote, mpaka kiziwi wa nyumba ya kona.

"Fundi Tao, petali imefika wapi leo?"

"Imefika inapofika."

"Na fundi mwenyewe kaamkaje?"

"Fundi ana kazi, Mzee Jiao. Watu wa kaa hamna kazi?"

"Kaa wamefungwa, hawaendi popote. Mimi ndiye nimefungwa vibaya."

Jirani zetu walikuwa wanafungua madirisha kusikiliza, na wengine walinunua maandazi ili wapate sababu ya kusimama.

Ikaja sikukuu ya siku ya tisa ya mwezi wa tisa, siku ambayo watu hupanda vilimani. Fengxian alivaa koti lake jipya la buluu akasema anakwenda hekaluni na wenzake. Jioni alirudi mashavu mekundu na viatu havina hata vumbi. Alipopita karibu yangu nikanusa mikono yake. Ilinukia majani machungu ya yale maua ya vuli tunayoyapanda kwenye vyungu, na kila mtu hapa anajua majani hayo husuguliwa vidoleni ili kutoa harufu ya mlo gani.

"Wifi," nikamwambia, "hekaluni siku hizi wanachoma nini?"

"Ubani."

"Unaliwa kwa siki na tangawizi?"

Akaniambia nitazame vikapu vyangu vinaungua. Vikapu vya mvuke haviungui. Nikarudi kwenye kazi yangu, maana mapenzi ni kikohozi, na mimi huwa sina haraka ya kumsikia mtu akikohoa.

Siku chache baadaye nilimkuta amekaa sakafuni mbele ya kabati, milango wazi, vitambaa vimemwagika. Petali ilikuwa inang'aa kama ulimi. Nilitaka kuigusa akanishika mkono. Alikuwa ameongeza matabaka juu ya tabaka lililokataa kukauka, akidhani ni hali ya hewa, na sasa yote yalikuwa yanateleza kwa pamoja. Ilibidi kukwangua mpaka chini na kuanza upya, na harusi ilikuwa karibu mno. Hata angekuwa na mikono minne asingewahi.

Habari ikatoka, sijui kwa mdomo wa nani, lakini mume wangu naye ana mdomo. Kabla ya mchana watu walikuwa wamejaa mlangoni. Jirani mmoja aliapa alimwona Mzee Jiao akiegemea ukuta wetu. Mwingine alisema mtu wa kaa hata akikutazama tu utomvu unaharibika. Bibi Ge akaja na mkongojo wake, akalitazama kasha kwa karibu. Aliuliza ni nani. Wote wakatazama ng'ambo ya kichochoro, ambako Mzee Jiao alikuwa amesimama mahali pake pa kila siku.

Naye akasema, "Ni mimi, Bibi. Juzi nilishika mlango wa karakana nikasahau. Nisamehe."

Alisema hivyo bila kumtazama Fengxian. Bibi Ge alimwambia maneno ambayo sitayarudia, kuhusu wanaume wazee wenye njaa na nyumba za watu. Mzee Jiao aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Na Fengxian, aliyekuwa kwenye kizingiti akisikia kila neno, aligeuka akaingia ndani na kufunga mlango.

Nilikasirika mpaka mikono ikawa ya moto. Sikukasirikia kaa, ingawa kwa haki yangu ningeweza, maana mimi niliuza kabichi miaka yote hiyo ili wifi yangu aende kula kwa watu. Nilikasirikia ule mlango aliofunga. Mzee Jiao hakuja tena. Nilisikia mezani kwake wateja wamepungua, maana nani atanunua kitu kwa mtu aliyeharibu harusi ya mjukuu wa Bibi Ge.

Nikampelekea Fengxian maandazi, nikaketi bila kukaribishwa.

"Ulikula wangapi?" nikamuuliza.

Alikuwa anakwangua petali kwa kisu chembamba. Hakuinua kichwa. "Wawili."

"Ulinawa?"

"Kwa siki, kwa tangawizi, na yale majani. Nikasugua mpaka ngozi ikauma. Asubuhi nikalainisha tabaka kwa kidole kama kawaida yangu." Akaweka kisu chini. "Wifi, alinichambulia. Alikaa pale anavunja magamba na kuniwekea nyama kwenye kibakuli changu, yeye mwenyewe hajala. Sijawahi kuchambuliwa kitu na mtu tangu mama afe. Nikaona haya kumwacha afanye peke yake, ndiyo nikashika miguu miwili mitatu."

Sikuwa nimekwenda pale kulia. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema watu wangemcheka, kwamba fundi amezeeka ndiyo anapata kichaa cha mapenzi, kwamba jina lake lote duniani ni hii mikono, na hakuna atakayemletea tena hata kijiti.

"Hilo ni jina lako," nikamwambia. "Na jina lake yeye umelipeleka wapi?"

Akaniomba nimpe koti lake.

Mimi nilikwenda naye, nani angenizuia. Nyumbani kwa akina Ge wanawake walikuwa wameketi wakishona mablanketi ya harusi, wale wenye waume hai na watoto wengi, kama inavyotakiwa, na Wanqiu mwenyewe alikuwa anawamiminia chai. Nilitumaini Fengxian angemwita Bibi Ge pembeni. Hakumwita. Alisimama katikati ya vitambaa vyekundu, kasha mikononi, akaongea kwa sauti ile ile ya askari.

"Bibi Ge, Mzee Jiao hakushika mlango wowote. Alinisitiri. Sikukuu ya tisa sikwenda hekaluni, nilikwenda nyumbani kwake, nikala kaa, nikarudi nikaigusa petali kwa vidole hivi. Siwezi kuimaliza kabla ya harusi. Nilisema uongo kwa kunyamaza, na matusi uliyompa yeye yalikuwa yangu."

Sindano zote zilisimama. Mwanamke mmoja alicheka puani akakatishwa na kiwiko cha mwenzake. Uso wa Fengxian ulikuwa mwekundu kuliko kasha, lakini hakuuficha. Bibi Ge alifungua mdomo, na nikajiandaa, maana nilijua kinachotoka mle. Ila Wanqiu alimtangulia. Aliweka birika, akalichukua kasha, akapitisha kidole kwenye pengo.

"Mama hakulibeba kwa sababu lilikuwa limemeguka," akasema. "Lilibaki nyumbani, na mambo yake hayakuwa mazuri hata hivyo. Mimi nitalibeba hivi hivi."

"Litaleta kisirani," Bibi Ge akasema.

"Litaleta chanuo na bangili, Bibi. Shangazi Tao atalimalizia nikishaolewa."

Bibi Ge alinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu kwa mikosi, kwamba angalau lifunikwe kitambaa, kwamba yeye ameshazeeka na hasikilizwi. Tulipokuwa tunatoka akamshika Fengxian mkono, akamvuta, akamuuliza kwa sauti ndogo walikuwa kaa jike au dume. Fengxian akamjibu kwamba walikuwa jike, wamejaa mayai mpaka kwenye pembe za gamba. Nikamwona yule bibi akimeza mate.

Wanqiu aliolewa na kasha lenye pengo, na hadi leo yeye na mumewe wanagombana kama watu wengine na kupatana kama watu wengine. Petali ilikauka majira ya baridi, msimu wa kaa ulipokwisha, na wifi yangu akaichonga kwa siku nyingi na kuipeleka mwenyewe. Lakini siku ile tuliyotoka kwa akina Ge hakuelekea nyumbani. Alikata kushoto, kwenye daraja, akaenda kwa hatua ambazo mimi na mwili wangu tulizifuata kwa taabu.

Mzee Jiao alikuwa peke yake nyuma ya meza, anafunga kaa kwa nyasi. Alipomwona alisukuma beseni nyuma kwa mguu, haraka, kama mtu anayeficha kosa.

"Usisogee, Fundi Tao. Nina maji yao mpaka kwenye viwiko."

Fengxian akasogea. Alikunja mkono wa koti jipya mpaka juu. Wauza mboga wakageuka, na wauza samaki nao, maana soko zima liliujua mkono ule na lilijua haujawahi kuingia pale. Akautumbukiza kwenye beseni, na madoa yake meusi yote, mpaka maji yakafika kwenye kiwiko. Kaa mmoja alimbana kidole. Hakuutoa.

"Nimetoka kwa Bibi Ge," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa mto. "Nimewaambia ni mimi niliyekula, na nilikula kwako. Sasa nichagulie wawili."

Mzee Jiao alimtazama mkono, akamtazama uso. Akauliza wafungwe vipi, wa kupeleka wapi.

"Hatuwapeleki popote," Fengxian akasema. "Nisogezee kigoda."